Nilipungua kilo 19 kwa wiki tisa nikaishia kwenye meza ya upasuaji. Wenye miili mikubwa tuongee

Tundu_la_Sita (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha sana kwa sababu kuna sehemu zinaniaibisha. Ila kila wiki namwona mtu humu anauliza atakavyopunguza kilo 20 kabla ya harusi, na majibu yanayomiminika ni yale yale yaliyonipeleka mimi kwenye kisu.

Urefu wangu ni sentimita 172. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kilo 121. Chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mimi napata 40.9. Kuanzia 25 unaambiwa uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, na 40 kwenda juu ndilo daraja la mwisho. Sikuhitaji hesabu kujua. Nikitaka kufunga kamba za viatu nakaa kitandani, navuta pumzi, nainama, nafunga mguu mmoja, nainuka kuhema, ndipo naurudia wa pili.

Nikajifungia kwenye juisi za mboga. Asubuhi, mchana, jioni, na siku nikijihurumia naongeza yai moja. Wiki ya kwanza mizani ikashuka kilo tano nikajiona bingwa. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha kula, akiba inaliwa na maji yake yanatoka. Mafuta yenyewe yalikuwa yametulia pale pale.

Wiki ya tisa nilisoma 102. Watu wananipongeza, mimi nikichana nywele zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Usiku mmoja saa nane nikashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapenya hadi nyuma ya bega. Natapika, siwezi kulala, siwezi kukaa. Daktari wa zamu kabla hajaniminya tumbo aliuliza swali moja: "Umepungua kilo ngapi, kwa muda gani?" Nikamjibu kwa majivuno kabisa, huku nimejikunja. Akaandika kipimo cha picha. Vijiwe kwenye kifuko cha nyongo.

Alinieleza hivi. Mafuta ya mwili yakiyeyuka kwa kasi, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Wakati huohuo, kwa kuwa huli chakula cha maana, kifuko hakipati sababu ya kujikamua. Nyongo inatuama, inakuwa nzito, inaganda. Hatari hupanda ukishapita takriban kilo moja na nusu kwa wiki. Mimi nilikuwa nazipita kilo mbili.

Kifuko kikatolewa. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa na kilo 126: zote 19 zilirudi na wageni watano. Jina langu la humu linatokana na hapo. Mkanda wangu ulikuwa na matundu matano, la sita nililitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Leo nina 104. Imenichukua miezi 20, na nitawaambia nilichofanya, ila kwanza muelewe kitu ambacho hakuna aliyeniambia mwanzo: mwili hauamini kwamba unapungua kwa hiari yako. Unadhani kuna njaa nchini. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea. Walisikia baridi muda wote, wakawa wanyonge, wanaota chakula, wanalamba sahani. Na hao hawakuwa wanene. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 14 waliopungua kwa kasi kwenye shindano la televisheni la Marekani. Miaka sita baadaye wengi walikuwa wamerudishiwa sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa bado inachoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao.

Kwa hiyo mimi nikiambiwa njia yoyote siulizi tena itanitoa kilo ngapi mwezi huu. Nauliza kama naweza kuwa bado naifanya mwaka wa pili nikiwa nimechoka na nimekasirika.

Nilichofanya safari hii:

Nilianzia kwa daktari, siyo jikoni. Presha, sukari, ini, figo, tezi ya shingo, na dawa zangu zote mezani. Lengo la kwanza lilikuwa asilimia 5 tu, kwangu kilo 6 na kitu. Niliona ni dharau. Lakini kati ya asilimia 5 na 10 ndipo presha, sukari na mafuta ya damu huanza kushuka, hata kama kwenye picha bado unaonekana yule yule. Mwendo ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, tena mwanzoni. Baadaye unapungua mwendo wenyewe.

Chakula sikubadilisha aina, nilianza kupima. Mafuta ya kupikia nilikuwa namimina kwa mkono tu. Siku moja nikayapitisha kwenye kijiko cha chakula kabla ya kuingia kwenye sufuria. Vijiko vinne, peke yangu, mlo mmoja. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Daktari alikuwa ameniambia nitafute pa kupunguza kalori 500 kwa siku, nikazikuta zimelala kwenye sufuria. Soda ya nusu lita nayo ina sukari gramu 50 na ushee. Hizo mbili zilinipa miezi mitatu ya mwanzo bila kushinda na njaa.

Protini nilipangiwa gramu 90 kwa siku, kutoka kwenye mayai, samaki, maharagwe, maziwa, kwa sababu ukipungua bila protini na bila kushughulisha misuli, misuli nayo inaondoka. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo lazima ukae upige hesabu. Mwenye figo mbovu asiige hii namba.

Mazoezi: dakika 10 za kutembea, siyo kukimbia. Nikafika dakika 150 kwa wiki mwezi wa tano. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Basi.

Karibuni kwa maswali na hata matusi.

---

ChumaHakiliwi

Mkuu umeandika gazeti. Jibu ni mstari mmoja: kula kidogo, kimbia sana. Mengine ni visingizio vya wavivu.

---

Tundu_la_Sita

Chuma, nimekusikia. Sasa mtu wa kilo 126 akimbie kwa magoti gani? Waliopima wenye magoti yaliyolika waliona kila kilo moja unayopungua inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Geuza hesabu uone anachobeba anayekimbia nazo. Anapumzika wiki mbili kwa maumivu, anakata tamaa, halafu unamwita mvivu. Tena mazoezi peke yake hupunguza kilo chache sana. Kazi yake kubwa ni moyo, sukari, misuli, na kuzuia zilizotoka zisirudi.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, naongezea kwa Chuma. Zipo dawa zinazonenepesha na mgonjwa hajui: prednisolone ya pumu na uvimbe, insulini na glibenclamide za kisukari, olanzapine ya magonjwa ya akili, valproate ya kifafa, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake. Yapo magonjwa pia, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo au vifuko kwenye ovari. Na mtu anayekoroma usiku, anakatika pumzi, anaamka amechoka, njaa yake ya mchana siyo ulafi. Apimwe usingizi.

Msiache dawa kwa sababu nimeitaja hapa. Muulizeni aliyeiandika kama kuna mbadala.

---

mama_wa_pacha

Samahani kaka mleta mada, mimi nina sukari mwaka wa saba. Natumia metformin na glibenclamide. Kilo 98, urefu sentimita 160. Juzi nimeanza kuruka chakula cha asubuhi na cha mchana ili nipungue. Leo saa sita mikono ilianza kutetemeka, jasho jembamba, moyo unadunda, nikaona maneno kwenye simu yanacheza. Mwanangu akanipa juisi nikatulia. Ni mwili unazoea au?

---

Zamu_ya_Usiku

Dada, hapana, siyo kuzoea. Ile ilikuwa sukari kushuka. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Umeruka milo miwili, kidonge hakijui. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Leo kula milo yako kama kawaida. Kama una kipimo nyumbani, pima. Ikijirudia, kunywa kitu chenye gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, subiri dakika 15, upime tena, halafu kula. Mwanao ajue kwamba ukizimia hakuna kukumiminia kitu mdomoni, ni kukukimbiza hospitali. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usilale peke yako ukadhani yameisha.

Na kesho asubuhi uende ulikoandikiwa dawa, useme maneno haya haya: "Nataka kupungua, nimeanza kupunguza chakula, sukari imeshuka." Dozi lazima iangaliwe kabla hujaendelea.

---

Tundu_la_Sita

Dada, fanya hivyo leo hii, siyo baada ya uzi. Wenye presha nao wasikie: ukipungua, kidonge kile kile cha jana kinakuwa kikubwa kwako. Mimi nilisimama kutoka kitandani ukuta ukanijia. Presha ilikuwa 98 kwa 60.

Nikutie moyo lakini. Uingereza kuna utafiti uliotoka mwaka 2017 unaitwa DiRECT, watu 298 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao waliwekwa kwenye vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula taratibu. Mwaka ulipoisha, asilimia 46 ya kundi hilo sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa, wenzao asilimia 4. Sasa usikimbilie kalori 850. Hao dawa za sukari na presha walisimamishiwa siku ya kwanza na wahudumu wao, na walifuatiliwa. Tofauti ya kule na juisi zangu ni hiyo.

---

Chai_Bora_Asilia

Ndugu zangu acheni kuteseka. Nina chai ya mimea asilia 100%, kilo 10 kwa siku 14, haina madhara, inasafisha utumbo na kuyeyusha mafuta ya tumbo. Njoo chemba.

---

Zamu_ya_Usiku

Bosi wa chai, taja kilichomo basi. Nyingi ya hizo ni sena, dawa ya kuharisha. Sena inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko kalori zake nyingi zimeshafyonzwa juu. Unachotoa ni maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unapiga ovyo.

Wengine wanachanganya sibutramine humo kisirisiri. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini maabara za wadhibiti zinaendelea kuikuta kwenye vidonge na kahawa zilizoandikwa "asilia". Dalili ninayoiona wodini: mgonjwa hana njaa kabisa, mdomo mkavu, halali, moyo unakimbia. Ukimuuliza anasema ni mitishamba tu.

Na yeyote atakayewauzia unga wa njano uitwao DNP, huyo anauza kifo. Unachemsha mwili kwa ndani na hauna dawa ya kuuondoa. Marekani waliukataza tangu 1938.

---

Chai_Bora_Asilia

Wivu wa biashara.

---

kijana_wa_dawati

Mimi nauliza hizi sindano za kupunguza uzito, za mara moja kwa wiki. Naona watu maarufu wanakonda tu. Ni salama?

---

Zamu_ya_Usiku

Ni dawa halisi, siyo uzushi. Semaglutide, moja ya sindano hizo, ilipunguza wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68 kwenye utafiti wa 2021, waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2 na kitu. Tirzepatide kwa dozi kubwa ilifika karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Zinaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba, na tumbo linachelewa kumwaga chakula.

Sasa upande wa pili. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu, hasa dozi inapopanda. Vijiwe vya nyongo navyo vimo. Kuvimba kongosho ni nadra, lakini maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni usiyavumilie. Hapewi mjamzito, na anayepanga mimba huacha semaglutide miezi miwili kabla. Hapewi aliye na historia ya saratani ya tezi ya shingo ile ya aina ya medulari, yeye au ndugu wa damu. Na ukiacha: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudishiwa theluthi mbili ya walichopungua. Ni kama dawa ya presha, siyo kama dozi ya malaria.

Usinunue mtandaoni. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 juu ya semaglutide bandia. Wengine wamechomwa insulini bila kujua.

---

Nusu_Tumbo

Mimi nilikatwa tumbo, nimekuwa msomaji tu ila leo naandika. Nilikuwa na kilo 149, sukari na presha. Upasuaji kwa kawaida unafikiriwa kuanzia 35 kwa ile hesabu ya kilo na urefu ya mleta mada, na kuanzia 30 kama una kisukari kisichoshikika. Mimi walinitolea sehemu kubwa ya tumbo, likabaki bomba jembamba kama ndizi.

Watu wananiambia nilichukua njia ya mkato. Sawa. Wiki mbili vimiminika tu. Maji huwezi kunywa kwa mkupuo, unakunywa tone tone kama ndege. Nikila kwa haraka, kipande cha nyama kinakaa kifuani kama kimeegesha. Vitamini kila siku hadi nife, B12, chuma, kalsiamu, na damu inapimwa kila mwaka. Mwezi wa pili nilitapika siku tano mfululizo nikadhani ndiyo kawaida, dada yangu akanilazimisha kwenda. Wakaniambia vitamini B1 ingeisha ningepoteza kumbukumbu na kutembea kwa kupepesuka. Pombe nayo inapanda kichwani kwa kasi ya ajabu.

Nina 91 sasa. Ngozi ya tumbo imening'inia, naikunja ndani ya suruali. Ningeulizwa tena ningekubali, ila ningeuliza maswali mengi zaidi kabla.

---

kijana_wa_dawati

Dah, mkuu asante kwa ukweli. Swali la mwisho kwa mleta mada, nimekwama kilo 108 wiki ya sita hii. Nipunguze tena chakula?

---

Tundu_la_Sita

Wiki sita siyo msiba. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mwanaume akipita sentimita 102 na mwanamke 88, hatari imekuwa kubwa. Mimi kuna miezi miwili mizani ilisimama kabisa huku kiuno kinashuka sentimita nne.

Kama kiuno nacho kimegoma, pima tena mafuta na vikombe vyako. Macho yanazoea, kijiko kinakuwa mlima. Na mwili wa 108 unachoma kidogo kuliko wa 120, kwa hiyo kile kipimo cha zamani sasa ndicho kinachokushikilia hapo. Kukaa 108 mwaka mzima bila kurudi juu nako ni kazi, usiidharau. Halafu unalala saa ngapi?

---

kijana_wa_dawati

Saa nane usiku, naamka saa kumi na mbili.

---

Tundu_la_Sita

Anzia hapo kabla hujagusa sahani. Asiyelala vizuri, njaa yake ya kesho inapanda na anatamani vitamu. Nilijaribu kushindana na hilo, nikashindwa.

---

mama_wa_pacha

Narudi baada ya miezi mitatu, nimeutafuta uzi huu kwa tabu.

Nilikwenda asubuhi ile kama dada Zamu alivyosema. Glibenclamide wameiondoa, metformin imebaki, na ya presha imepunguzwa nusu mwezi uliopita. Napima sukari asubuhi na jioni naandika kwenye daftari la hesabu la pacha mmoja. Milo mitatu, siruki. Mafuta kwa kijiko. Natembea jioni na pacha wote wawili, wanalalamika kuliko mimi. Kutoka 98 niko 92 na nusu. Sukari haijashuka tena, wala mikono haijatetemeka.

Pete ya ndoa ilikuwa imekaba, sasa inazunguka. Juzi imedondoka kwenye beseni la vyombo nikaitafuta nusu saa.

---

Zamu_ya_Usiku

Dada, asilimia 5 umeivuka hiyo. Na pete ivae kwenye mnyororo shingoni kwanza.

---

ChumaHakiliwi

Hongera mama. Mleta mada, jina libadilishwe sasa, uko tundu la ngapi?

---

Tundu_la_Sita

La tatu, mkuu. Jumapili lilikuwa la nne, kulikuwa na sherehe.